Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Nawashukuru mliofika. Kati ya wanachama 64, tuko 19 ukumbini. Semina za uchoraji zilifanyika, shule tulizitembelea, maonyesho ya vitabu tulishiriki. Katibu ana maelezo yote, sitayarudia.

Niingie kwenye lililosemwa sana, tena pembeni: kitabu cha mbuzi, kile cha picha cha watoto tulichokichapa. Inadaiwa mwenyekiti "alikata maneno ya mwandishi" na kufuja fedha za chama kwa kurasa zisizo na maandishi. Muswada ulisema, "Mbuzi mtundu anatafuna khanga mpya ya mama." Lakini mchoraji alishamweka mbuzi nyuma ya mama, pindo la khanga mdomoni, kamba imelegea, mama kainamia ndoo bombani. Ya nini kumtangaza tena? Tukabakiza "Mama anakinga maji." Tulipoijaribu darasa la kwanza, mwalimu hajamaliza sentensi hiyo, watoto wa mbele wameshasimama wanamwonyesha mbuzi. Hao hata kusoma bado.

Wala si ubunifu wangu. Pat Hutchins katika Rosie's Walk, kitabu cha picha cha watoto, alitumia maneno 32 kitabu kizima, na mbweha anayemnyatia kuku hatajwi hata mara moja. Maurice Sendak naye, katika Where the Wild Things Are cha mwaka 1963, aliacha picha zikue ukurasa hadi ukurasa mpaka maneno yakakosa pa kukaa.

Kuhusu kurasa 32 badala ya 24: karatasi moja ya mtambo wa kuchapia hukunjwa ikatoa kurasa 16, hivyo tumetumia karatasi mbili kamili. Nililieleza hili Machi. Wasiokuwepo ndio wanaouliza.

Sampuli ya kwanza ilitoka uso wa mama umemezwa na mkunjo wa katikati. Nilikwenda kiwandani mwenyewe, kwa nauli yangu, nikasimamia picha isogezwe kushoto. Hilo sikusikia likisemwa.

Fedha: ada ni shilingi 20,000. Waliolipa ni 23, yaani 460,000, tunadai 820,000. Baadhi ya wanaopaza sauti kuhusu matumizi hawamo kwenye daftari la Mweka Hazina. Majina ninayo, leo sitayasoma.

Mwakani, tukijaliwa, tunatarajia kitabu cha pili, na pengine mafunzo ya walimu kuhusu namna ya kusoma picha pamoja na watoto. Mazungumzo na wafadhili yanaendelea vizuri.

Mweka Hazina amekaa karibu na mlango, na stakabadhi anazo.

Mwenyekiti