Kuchezesha macho peke yake si tiba ya wasiwasi

Mhariri,

Kwenye makundi ya WhatsApp hapa Mtwara na Lindi zinazunguka video za nukta inayokimbia kushoto na kulia kwenye kioo cha simu. Maelezo yake ni mafupi: ifuate kwa macho dakika kumi, wasiwasi utakwisha. Tiba inayotumia miondoko ya macho ipo kweli, tena ina heshima yake. Ilianzishwa na mwanasaikolojia wa Marekani, Francine Shapiro, mwaka 1987, utafiti wake wa kwanza ukachapishwa 1989, na leo inajulikana kwa herufi EMDR. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa watoto na watu wazima wenye kiwewe, yaani hofu inayomganda mtu baada ya tukio la kutisha. Ila tiba hiyo ina hatua nane, na macho hayaanzi kuchezeshwa kwa kasi mpaka hatua ya nne. Video zimeichomoa hatua hiyo moja na kuzitupa zilizobaki, ambazo ndizo zinazomlinda mgonjwa.

Hatua ya kwanza ni historia: tukio gani, lilianza lini, mgonjwa analalaje, anakunywa pombe kiasi gani, anatumia dawa zipi, amewahi kuanguka kifafa, ana maradhi ya macho. Ya pili ni maandalizi. Mgonjwa anafundishwa namna ya kujituliza na anapewa ishara ya kusimamisha kazi, kwa kawaida kuinua mkono. Hatua hizi mbili zaweza kumaliza kikao kizima au zaidi, na mtaalamu anayezikimbia ni wa kutiliwa shaka. Katika ya tatu mgonjwa huchagua picha moja ya tukio, ile inayomchoma kuliko zote. Husema sentensi inayoambatana nayo, tuseme "siko salama", kisha ile ambayo angependa kuiamini, "sasa niko salama". Sentensi nzuri hupimwa 1 hadi 7 kwa jinsi anavyoiona kuwa ya kweli, na maumivu ya ile picha hupimwa 0 hadi 10. Huulizwa pia anayasikia wapi mwilini: kifuani, tumboni, kooni.

Hapo ndipo macho yanaingia. Mtaalamu huketi upande, si uso kwa uso, huinua vidole viwili umbali wa kama rula ya shule kutoka usoni, na kuvipeleka kulia na kushoto. Kichwa cha mgonjwa kinatulia, macho ndiyo yanayokwenda. Mzunguko mmoja huwa na miondoko kama 24 ya kwenda na kurudi, takribani nusu dakika. Kisha: "Pumua. Nini kimekuja?" Mgonjwa hujibu kwa maneno machache, mtaalamu husema "endelea na hicho", na vidole vinaanza tena. Hakuna mahubiri katikati wala ufafanuzi. Wapo washauri wanaoshindwa kunyamaza hapo, wakakigeuza kikao kuwa maongezi ya kawaida. Kazi inaendelea mpaka kipimo cha maumivu kishuke hadi 0 au 1, ndipo sentensi nzuri inaimarishwa, mwili unakaguliwa kutoka kichwa hadi miguu kama kuna mkazo uliobaki, na kikao kinafungwa. Hatua ya nane ni mwanzo wa kikao kinachofuata, kuangalia kilichotulia na kilichorudi.

Kwa nini kasi ya vidole ina maana? Maelezo yenye nguvu zaidi kwa sasa ni kwamba akili ina nafasi ndogo ya kushika mambo kwa wakati mmoja. Ukiishika picha ya ajali huku macho yana kazi, picha inakosa nafasi, inafifia, na inarudi kuhifadhiwa ikiwa na makali machache. Miondoko ya polepole mno haiilemei akili. Ya haraka kupita kiasi huumiza macho na kuleta kichefuchefu. Wanasayansi bado wanabishana ni sehemu kiasi gani ya nafuu inayotokana na macho hasa, kwani hata kugongagonga viganja au sauti za kupokezana masikioni hutumika badala yake. Anayeumwa macho hubadilishiwa hivyo, na mwenye kifafa hashughulikiwi kabla daktari hajajua.

Kosa kubwa la zile video ndilo hili. Katika tiba, miondoko ya kumtuliza mtu ni michache na ya polepole, huku akiwaza jambo jema. Ile mingi na ya kasi ni ya kufungua kumbukumbu mbaya. Video inampa mtu aliye peke yake usiku ile ya kufungua, bila mtu wa kufunga. Kikao halisi huchukua dakika 60 hadi 90 kwa sababu hiyo hiyo. Ukikikatiza wakati kipimo cha maumivu bado ni 7, mgonjwa anapanda bodaboda kurudi nyumbani akiwa amevurugika kuliko alivyokuja. Hata kikao kilichokwenda vizuri huweza kufuatiwa na ndoto nzito au kumbukumbu mpya kwa siku chache. Mgonjwa huziandika na kuzileta kikao kijacho.

Inamfaa nani? Zaidi ya wote, mtu ambaye hofu yake ina tukio nyuma yake: aliyegongwa barabara ya Masasi, aliyezama na mashua, aliyeshuhudia shambulio la Kitaya Oktoba 2020, aliyekimbia mafuriko ya Kimbunga Hidaya Mei 2024. (Wengi wao huambiwa wana jini. Kisomo hakimzuii mtu kwenda hospitali pia.) Kwa wasiwasi wa mambo yajayo, kama mkopo, ada, bei ya korosho mnadani, ushahidi wake ni mdogo zaidi, na tiba ya kurekebisha fikra na tabia ndiyo ya kuanza nayo. Na kabla ya yote mwili upimwe. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, upungufu wa damu na sukari kushuka huweza kuleta mapigo ya mbio au mikono kutetemeka, sawasawa na wasiwasi. Kopo tatu za kinywaji cha kuongeza nguvu kwa siku nazo hufanya vivyo hivyo.

Anayetaka kitu cha kufanya nyumbani afanye hiki. Pishanisha mikono kifuani, kila kiganja kwenye bega la upande wa pili. Waza mahali unapopapenda, kisha gonga kwa kupokezana, polepole, mara sita hadi nane tu, halafu pumua. Likijitokeza jambo baya, acha, fungua macho kama uliyafumba, taja vitu vitano unavyoviona. Namna hii ya kujikumbatia ilianzia Acapulco, Mexico, kwa watoto walionusurika Kimbunga Pauline cha mwaka 1997. Inatuliza, haitibu kiwewe.

Anayehitaji zaidi aanzie kituo cha afya kilicho karibu au huduma ya afya ya akili ya hospitali ya rufaa ya mkoa, Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi. Mwenye mawazo ya kujidhuru aende siku hiyo hiyo, asisubiri miadi. Na mtu yeyote akikuahidi tiba ya macho, muulize amefunzwa wapi, ishara ya kusimamisha ni ipi, na atafanya nini muda ukiisha kabla hujatulia. Akitaka kuanza kuchezesha vidole siku ya kwanza bila kukuuliza historia yako, usilipe.

Wenu,
Washauri nasaha, Mtwara