Mpwa wangu, nionyeshe mikono yako

Mpwa wangu,

Ujumbe wako wa usiku ule nimeusoma mara tatu. "Mjomba, nimetazama video saba na bado uzi unajikusanya chini ya kitambaa. Nadhani mkono wangu mzito, naacha." Nakujibu hapa hadharani kwa sababu najua wako wengi waliokwama hapo hapo, na wanajilaumu bure.

Mkono wako hauna uzito wowote.

Mimi nilijifunza cherehani kwa kukaa kwa fundi. Miezi ya mwanzo nilifagia vipande, nikaokota pini, nikapasha pasi. Fundi wangu alikuwa hodari kweli, lakini kola aliishona akiwa ametugeuzia mgongo. Ukimwuliza, anakwambia utaona tu. Nikaja kuijua kola kwa kufumua shati langu mwenyewe, mshono mmoja mmoja, kisha kulishona upya. Nililiharibu mara ngapi, sikumbuki. YouTube ilipoanza mwaka 2005 nilikuwa tayari na cherehani yangu, na siku nilipomwona mtu akifundisha kola humo mwanzo hadi mwisho, bila kuficha hata kona, roho iliniuma. Kisha nikafurahi. Siri iliyoninyima usingizi, wewe unaisimamisha kwa kidole, unairudisha nyuma, unaipunguza mwendo hadi robo. Asije mtu akakwambia huo si ujuzi wa kweli.

Ila kuna kitu video haiwezi, nacho ndicho kilichokukwamisha. Inakuonyesha mikono ya fundi. Ya kwako haiioni.

Tuje kwenye uzi wenyewe. Ukijikusanya chini, karibu kila anayeanza hukimbilia bobini, kile kigurudumu kidogo chenye uzi wa chini: anaitoa, anaifuta, anaikaza. Mara nyingi kosa liko juu. Uzi wa juu hupita kati ya visahani viwili vidogo vinavyoubana. Kama umeshusha ule mguu unaokandamiza kitambaa, visahani vinakuwa vimefunga, na uzi unabaki nje badala ya kuingia katikati yake. Hapo hakuna kinachoushika. Ukianza kushona, unalegea, unavutwa chini na kujikunja. Kwa hiyo inua mguu kwanza, ndipo upitishe uzi upya kuanzia juu kabisa. Kisha shusha mguu, uvute uzi taratibu kwa vidole. Ukihisi unakataa kidogo, umekaa.

Fundi wa kwenye video naye huinua mguu huo kila mara, ila mkono wake umeshazoea, hana habari kwamba anafanya. Ndiyo maana hasemi. Hakukuficha kama nilivyofichwa mimi. Amesahau tu kwamba hiyo nayo ni hatua. Ningekuwa nimekaa kando yako ningeliona kosa kabla hujafika kwenye tundu la sindano.

Namkumbuka sana Julius Yego, mrusha mkuki wa Kenya. Alijifunza kwa kutazama video za warushaji wakubwa mtandaoni, maana kocha wa mchezo huo hakuwa naye. Zilimfikisha mbali. Lakini kabla ya Olimpiki ya London ya 2012 alikwenda Ufini kufanya mazoezi chini ya kocha, na mwaka 2015 mjini Beijing akawa bingwa wa dunia kwa mrusho wa mita 92.72. Mimi hupenda kuiwaza ile safari ya katikati: mtu aliyejifunza kwa macho yake mwenyewe, anakwenda kusimama mbele ya macho ya mwingine.

Nami nipo, ingawa mbali. Usinitumie picha ya nguo iliyokwisha. Egemeza simu kando ya cherehani, ielekee vidole vyako, si uso. Pitisha uzi, shona mstari mfupi wa urefu wa kiganja, na ukikosea usikate, endelea. Nitakutazama kwa mwendo wa robo, kama wewe unavyowatazama wao. Na kile kitambaa kilichoharibika usikitupe. Kigeuze, unipigie picha upande wa chini, karibu kabisa, mpaka nione kila fundo.

Mjomba wako