Risala ya Kikundi cha Tiba ya Mawimbi kwa Wanajeshi, Siku ya Kufunga Mafunzo ya Wiki Sita

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Makamanda na maofisa mliopo,
Madaktari, wauguzi na washauri nasaha,
Wahitimu wa leo pamoja na familia zenu,
Itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu, na zaidi tunakushukuru kwa kufika wewe mwenyewe. Tunalisema hili kwa heshima zote. Katika baadhi ya sherehe zilizopita kiti ulichokalia kilikaliwa na wawakilishi, na mwakilishi, hata awe mwungwana kiasi gani, husema "nitalifikisha" kisha anakwenda nalo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, historia yetu ni fupi na hatutakuchosha nayo. Tulianza na mbao mbili za kuazima za kutelezea juu ya mawimbi, waokoaji wawili wa kujitolea na daktari mmoja wa kambi aliyekubali kuandika neno "baharini" kwenye karatasi ya rufaa. Leo tuna katiba, mhuri, daftari la vifaa na mwenyekiti wa kuchaguliwa.

Wala wazo hili hatukulibuni sisi. Hospitali ya Jeshi la Majini la Marekani iliyoko San Diego imekuwa ikipeleka wagonjwa wake kwenye mawimbi kwa mpango wa wiki sita, na watafiti wakawapima askari 74 kabla na baada. Dalili za sonona, wasiwasi na kiwewe cha vita zilipungua. Baadaye askari 96 wenye sonona waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakaenda baharini na nusu wakaenda kutembea milimani na porini. Makundi yote mawili yalipata nafuu. Tunalitaja hilo la pili makusudi, lisije likaonekana tumelificha: bahari haina uganga wa peke yake. Kinachosaidia ni mwili kufanya kazi, kichwa kushughulika na jambo moja lililo mbele yake, na mtu kurudi wiki baada ya wiki kwa watu walewale. Askari anayelitazama wimbi likija hana nafasi ya kuwaza la jana. Na yule asiyetaka kukaa kwenye kiti akihojiwa kuhusu aliyoyaona vitani, mara nyingi huyasema mwenyewe akiwa ameegemea ubao, maji yakiwa kiunoni. Ndiyo maana mshauri nasaha wetu huingia majini pamoja nao badala ya kusubiri ufukweni na faili. Na dawa alizoandikiwa mgonjwa hatuzigusi; haya ni matibabu ya nyongeza tu.

Mafanikio, Mheshimiwa, ni makubwa. Mbao zimeongezeka kutoka mbili hadi saba, ingawa moja imekatika na nyingine inatumika kufundishia mchangani kwa sababu haielei tena sawasawa. Wahitimu wote wa leo wameteleza kwenye wimbi hadi ufukweni; wapo waliosimama, wapo waliopiga magoti, wapo waliolala kifudifudi, na kwetu sisi wote hao wamefuzu. Hakuna aliyezama. Tumepata pia cheti cha ushiriki katika maonesho ya afya, na kimewekwa kwenye fremu.

Turuhusu tueleze kidogo kazi yenyewe, kwa sababu ombi letu limetokana nayo.

Kila anayekuja hupita kwanza kwa daktari. Mwenye kidonda kibichi, mwenye kifafa kisichodhibitiwa, na aliyebadilishiwa dawa za usingizi juzijuzi husubiri. Aliyeumia kichwani kwa mlipuko hupimwa kwanza uwezo wa mwili kujisawazisha, kwani kigezo chetu cha chini ni mtu kujua upande upi ni juu anapokuwa chini ya maji. Kisha mkufunzi mkuu huyasoma maji kwa robo saa nzima kabla mtu yeyote hajalowa. Anatafuta mkondo unaorudi baharini, ambao hujionesha kama njia iliyotulia kati ya mawimbi yanayovunjika, yenye maji ya rangi nyingine na povu linalokwenda nje. Pale ndipo mgeni hupapenda kwa utulivu wake, na pale ndipo panapomchukua. Somo la kwanza kwa hiyo ni hilo: ukivutwa usishindane na mkondo, shikilia ubao wako, inua mkono, au ogelea sambamba na ufukwe mpaka utoke. Upepo ukivuma kutoka nchi kavu kwa nguvu tunaahirisha. Wimbi likizidi kiuno, wanaoanza hawaingii.

Mchangani mtu hujifunza kulala katikati ya ubao, vidole vya miguu vikigusa mkia, kidevu juu. Akilala mbele mno pua ya ubao huzama na kumrusha. Akilala nyuma mno wimbi hupita chini yake na kumwacha. Kuanguka nako hufundishwa: anguka bapa, usitangulize kichwa, toka majini mkono ukiwa juu ya kichwa kwa sababu ubao unaweza kuwa hapo juu. Na ubao usiwekwe kamwe kati yako na wimbi, utakuja kifuani.

Kuna kanuni nyingine ambazo shule za kawaida za mchezo huu hazina. Hatupigi honi wala hatupayuki. Ishara zetu ni bendera na mikono. Mkufunzi hamsukumi mtu kutoka nyuma kabla ya kusema "nakusukuma" na kujibiwa. Aliyejeruhiwa upande mmoja huchagua mwenyewe upande wa kusimama mkufunzi. Kila mshiriki ana mkufunzi wake, na aliyekatwa kiungo au asiyesimama huwa na wawili: mmoja wa kusukuma, mmoja wa kumpokea kule wimbi linakoishia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tumefika kwenye jambo lililotufanya tuandike risala hii. Hatuna mahali pa kuweka vifaa, hatuna maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, ya kusuuzia, na hatuna mahali pa watu kubadilishia nguo.

Huenda likaonekana dogo. Tunaomba ulitazame ubao mmoja kati ya zile tano zinazofanya kazi. Tumeuweka hapo kulia kwako makusudi. Ni ubao laini wa futi 9, ujazo wake ni kati ya lita 80 na 90, na ndio unaomfaa mtu mzima mwenye kilo 90 anayeanza, kwa sababu haumuumizi ukimpiga na haumtupi akitetereka. Ndani ni povu, juu ni ngozi laini, chini ni plastiki ngumu, na vyote vimeshikwa kwa gundi. Ukikaa juani mchana kutwa, hewa iliyo ndani hupanuka, gundi huachia, na chini hutokea malengelenge kama hayo unayoyaona. Lengelenge likipasuka povu hunywa maji. Ubao huwa mzito, huanza kupinda, na siku moja hukatika mtu akiwa juu yake. Mbao zetu hukaa chini ya mti. Kivuli cha mti, kama ujuavyo, huhama.

Kamba inayofunga ubao kwenye kifundo cha mguu nayo ina kiungo cha chuma kinachozunguka ili isijisokote. Chumvi isiposuuzwa, kiungo hukwama, kamba hujisokota, hukatika. Mkanda wake wa kunatia ukijaa mchanga huachia wenyewe. Ubao uliokatika kamba husafiri na wimbi mpaka ukutane na mtu, na mtu huyo aghalabu anatazama upande mwingine.

Suti za mpira ndizo zinazotusikitisha zaidi. Tunatumia za unene wa milimita 3 kifuani na 2 mikononi, na huvaliwa na watu tofauti kila kipindi. Suti isiyosuuzwa kwa maji baridi na kukaushwa kivulini, ndani nje, hukakamaa, zipu hukatika meno, na hueneza ukungu na fangasi kwenye ngozi ya anayefuata. Kwa mtu mwenye mwili mzima huo ni mwasho wa wiki moja. Kwa aliyekatwa mguu, mchubuko au fangasi kwenye kigutu maana yake ni kuuvua mguu bandia mpaka kipone, yaani arudi kwenye magongo kwa sababu ya tiba iliyokusudiwa kumnyanyua. Mguu bandia wenyewe usiotengenezwa kwa ajili ya maji, hasa wenye goti la kielektroniki, haupaswi kukaribia maji ya chumvi wala mchanga. Huvuliwa ufukweni. Kwa sasa huvuliwa mbele za watu, ukafungwa kwenye mfuko wa plastiki na kuwekwa juu ya jiwe, na mwenzake mmoja hukosa zamu ya maji ili aulinde.

Ndiyo sababu wengine huacha. Hawaachi kwa kuogopa bahari. Huacha wiki ya pili kwa kuchoka kuvua nguo nyuma ya taulo linaloshikwa na wenzao.

Tunachokiomba kimepimwa na kimechorwa. Ni stoo ya mita 6 kwa 4, juu ya mstari wa maji makuu ya bamvua, yaani pale bahari inapojaa kabisa, yenye matundu ya hewa pande mbili na paa lenye mtokezo. Ndani ni rafu zilizovikwa kitambaa, mbao zikilazwa ubavu. Sentimita 15 kwa kila ubao zinatosha, hivyo mbao 12 huchukua chini ya mita 2. Kutakuwa na fito nene za kuanikia suti, zikikunjwa kiunoni badala ya kuning'inizwa mabegani zikavutika. Pembeni ni vyumba viwili vya kubadilishia, kila kimoja mita 2 kwa 2, mlango wa sentimita 90 ili kiti cha magurudumu kipite, benchi la kimo cha sentimita 45 hadi 50, na vyuma vya kushikia ukutani. Sakafu ikiinuka sentimita 30, mteremko wa kuingilia uwe na urefu wa mita 3.6 usipungue, mfupi zaidi ya hapo ni kilima kwa mtu anayejisukuma mwenyewe. Kutoka hapo hadi mchanga mgumu ni mita 40, zinazohitaji zulia la plastiki la upana wa mita moja na nusu. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Hili tunasisitiza, kwani misumari ya kawaida karibu na bahari haimalizi miaka yake.

Maji: suti kumi husuuzwa kwa beseni la lita 100, likibadilishwa mara moja, ni lita 200. Mbao na kamba, lita 100. Watu ishirini, wakufunzi wakiwamo, kwa lita 15 kila mmoja ni lita 300. Jumla ni lita 600 kwa kipindi. Tangi la lita 2,000 lingetutosha vipindi vitatu kabla halijajazwa tena.

Mheshimiwa, si mara ya kwanza kuliomba hili, na hatukuwahi kunyimwa. Hiyo ndiyo shida yetu. Mgeni rasmi wa kwanza aliahidi papo hapo na akapigiwa makofi. Wa pili aliweka jiwe la msingi. Jiwe lipo, tumelipaka chokaa, na wahitimu hulitumia kukalia wakati wa kuvaa. Wa tatu alituma mtu wa kupima eneo, akapima vizuri sana, akaondoka na ramani yetu ya pekee, ndipo tukalazimika kuchora nyingine. Barua za kukumbushia zimejibiwa zote, kila moja ikisema suala "linafanyiwa kazi". Tunashukuru kwa majibu hayo na tumeyatunza kwenye jalada, ambalo nalo halina stoo.

Kwa hiyo leo, kwa unyenyekevu, hatuombi ahadi. Tunaomba mambo mawili tu: jina la ofisa atakayeshughulikia ujenzi, na tarehe ya fundi kufika. Kama haiwezekani mwaka huu, tunaomba tuambiwe hapahapa kwamba haiwezekani, ili tutafute turubai na tangi la mkopo kabla mbao tano hazijawa tatu.

Yapo maombi mengine ambayo hayagharimu ujenzi. Makamanda watoe ruhusa ya wiki sita mfululizo. Askari anayeitwa zamu wiki ya tatu na kurudi ya tano hukuta kundi limeshaungana bila yeye. Tunahitaji pia kiti kimoja cha ufukweni chenye magurudumu mapana, jaketi okozi nne kwa wasioweza kujigeuza majini, na mafunzo ya uokoaji na huduma ya kwanza kurudiwa kila mwaka kwa wakufunzi wote, kwa kuwa ujuzi wa kushindilia kifua cha aliyezama husahaulika upesi usipofanyiwa mazoezi.

Wahitimu wamejipanga kukuonesha walichojifunza maji yatakapojaa, saa tisa alasiri. Ukipenda kuingia, suti ya kipimo chako ipo. Tuliisuuza jana kwa ndoo.

Nakala ya risala hii, mchoro na orodha ya vifaa tunakukabidhi kwenye bahasha. Ukurasa wa mwisho tumeacha mistari mitatu: jina la ofisa, tarehe, na sahihi yako. Kalamu imo ndani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya kikundi