YAH: MALALAMIKO KUHUSU INJINI YA HONDA CG125 ILIYONOKI KWA MCHANGA WA KARAKANA YENU

Muheza, Tanga
17 Machi 2025

Meneja wa Karakana,
Tanga.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tarehe 13 Januari mwaka huu nilileta kwenu pikipiki ya baba yangu, Honda CG125, ikiwa imekaa stoo miaka 15 bila kuguswa. Pistoni ilikuwa imeshikana na silinda kwa kutu, oili ya ndani imekuwa nzito kama ulimbo, na nyigu walikuwa wamejenga ndani ya bomba la moshi. Sikuwaficha lolote. Kwenye ankara mliandika wenyewe: kufungua injini yote hadi krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), kusafisha pamoja na njia za oili, kufunga kwa gaskiti mpya. Nililipa shilingi 520,000 na risiti ya mashine ya kodi (EFD) ninayo.

Nilikabidhiwa tarehe 8 Machi. Kwa macho ilipendeza, kasha la injini liling'aa kama limetoka kiwandani. Oili mpya niliitia mwenyewe mbele ya fundi wenu, 10W-40, kwa kipimo chake. Kiki ya tatu ikawaka. Nilimpigia baba simu nikaishusha karibu na injini ili asikie, kisha nikashika barabara ya Muheza kwa mwendo mdogo, kama fundi wenu alivyonielekeza. Nilipopita Pongwe nikaanza kusikia mlio mzito wa kugonga chini, wa kufuatana na mzunguko wa injini. Nikapunguza, nikatafuta pa kusimama, na kabla sijapapata injini ikanoki na tairi la nyuma likajifunga. Namshukuru Mungu kwamba nyuma yangu hapakuwa na lori.

Baba ana miaka 81. Alikuwa bwana shamba, na kwa pikipiki hiyo alipanda na kushuka milima ya Usambara kuwafuata wakulima. Siku ile alikaa barazani tangu saa nane mchana akingoja kuisikia ikiingia uwanjani. Iliingia jioni juu ya guta.

Nilipowapigia simu kesho yake, nilijibiwa kwamba injini ni ya zamani na ilikuwa imechoka. Jibu hilo silikubali, na ushahidi ninao.

Honda waliitoa CG125 mwaka 1976 kwa ajili ya watu kama baba: wenye mizigo, wenye njia mbovu, wasio na fundi karibu. Kemshafti yake, yaani mhimili unaofungua valvu, iko chini na inazungushwa na gia, kwa hiyo hakuna cheni ya ndani ya kulegea. Valvu zinasukumwa na fimbo mbili. Bodaboda nyingi za Kichina zinazopita mbele ya geti lenu zimeiga muundo huohuo, na hakuna fundi wa kijiweni asiyeujua. Lakini injini hii haina chujio la oili la karatasi la kutoa na kubadilisha. Oili inapita kwenye wavu, halafu inaingia kwenye kikombe kilichofungwa mwisho wa krenki, upande wa klachi. Kikombe kinazunguka pamoja na krenki, uchafu unatupwa pembeni na kuganda ukutani, oili safi inaendelea hadi kwenye beringi ya mkono wa pistoni. Mtu aliyesafisha injini ya CG bila kufungua kikombe hicho hajasafisha njia za oili.

Tarehe 10 Machi niliifungua mbele ya mafundi wawili wasiohusiana nami wala nanyi, na kila hatua ilipigwa picha. Kikombe hakikuwa kimefunguliwa. Nati yake ina meno manne na inahitaji spana yake maalumu. Washa ya kufungia ilikuwa bado imekunjwa kwa mkunjo wa zamani, na kutu juu yake. Ndani tulikuta tabaka mbili. La kwanza, lililogusana na ukuta, ni tope jeusi gumu kama lami, yaani uchafu wa miaka yote ya kazi ya baba. Juu yake, upande wa ndani, kuna tabaka jembamba la chenga nyeupe. Uchafu wa kikombe hujipanga kwa jinsi unavyofika: wa mwanzo hukaa ukutani, wa mwisho hukaa juu. Chenga hizo ziliingia mwisho kabisa, baada ya pikipiki kupita mikononi mwenu.

Nilizipitishia sumaku, hazikunasa, kwa hiyo si chuma. Nikazisugua kwenye kipande cha kioo cha dirisha na zikakichora. Unga wa alumini hauchori kioo. Huu ni mchanga, na kijana wenu mwenyewe alikuwa amenieleza, akijivunia kazi yake, kwamba kasha lilipigwa mchanga kwa kompresa nje na ndani, kisha likasuuzwa kwa petroli.

Ndugu Meneja, kasha la alumini ni laini. Mchanga ukilipiga, chembe nyingine hujichimbia humo na petroli haizitoi. Kwanza matundu yote ya oili huzibwa, na anayejali hutumia soda ya kuokea au shanga ndogo za kioo badala ya mchanga. Baada ya hapo kasha huoshwa kwa maji ya moto na sabuni, kila tundu hupitishwa brashi nyembamba, hupulizwa kwa upepo, na kazi hiyo hurudiwa mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Siyo kazi ya gharama. Inataka siku moja ya uvumilivu, na mlikuwa na injini yangu karibu miezi miwili.

Matokeo yake ni haya. Silinda ya CG ikiwa mpya ina kipenyo cha milimita 56.5, hii imechorwa mistari ambayo fundi aliyeipima anasema pistoni ya kuzidi kwa milimita 0.25 haitaifuta, lazima silinda ichongwe hadi ya kuzidi kwa milimita 0.50. Ringi zimeliwa. Beringi ya mkono wa pistoni inacheza kwa kuishika tu. Yote hayo ndani ya safari moja isiyofika Muheza.

Kuna mengine. Juu ya pistoni pana alama mbili za nyundo. Pistoni iliyoshikwa na kutu hulowekwa kwa dizeli siku kadhaa, ikisukumwa kidogo kidogo kwa kipande cha mti, haigongwi. Pezi moja la kupoozea silinda limevunjika na limegandishwa kwa gundi. Skrubu za kifuniko cha klachi zina urefu tofauti, na mliweka ndefu kwenye tundu la fupi, kasha likapasuka ufa wa sentimita mbili ambao mliuziba kwa silikoni. Kipande cha silikoni hiyohiyo nilikitoa kwenye wavu wa oili.

Lakini lililoniumiza zaidi ni namba ya injini. Inaanza na CG125E, imegongwa kwenye kasha na ndiyo iliyo kwenye kadi ya usajili. Mchanga umezifuta tarakimu mbili za mwisho hata kwa tochi hazisomeki. Silinda huchongwa na pistoni hununuliwa. Namba hii nikisimamishwa barabarani nitaielezaje? Na siku baba akitaka kubadilisha jina la umiliki, Mamlaka ya Mapato (TRA) watalinganisha nini na nini?

Naomba pia niseme jambo lisilo la injini yangu. Vijana wanaopiga mchanga pale kwenu wamejifunga vitambaa usoni. Vumbi la mchanga mkavu wa aina hiyo huharibu mapafu, na yakishaharibika hayarudi. Wapeni barakoa za kazi hiyo, au acheni kabisa mchanga.

Madai yangu ni kwamba mnirudishie shilingi 520,000 zote, kwa kuwa kazi iliyoandikwa kwenye ankara haikufanyika. Mlipie pia kuchonga silinda, pistoni na ringi zake, beringi na mkono wa pistoni, na kuziba ufa wa kasha, kwa fundi nitakayemchagua mimi. Ankara yake ya makadirio nimeiambatisha pamoja na picha. Nahitaji vilevile barua yenye muhuri wenu ikikiri kwamba namba ya injini ilifutika mikononi mwenu, tarehe ikitajwa, ili niipeleke TRA. Na mnirudishie skrubu za asili na kifuniko cha sumaku ya kuzalisha umeme wa injini ambavyo havikuwemo kwenye mfuko wa vipuri. Kifuniko hicho baba alikichorea kwa msumari herufi za majina ya watoto wake.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita bila jibu, nitapeleka malalamiko Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na kuandika kwenye ankara kusafisha "pamoja na njia za oili" wakati kikombe hakijaguswa ni kumpotosha. Fedha nitazidai Mahakama ya Mwanzo.

Kikombe sijakisafisha. Nimekifunga kwenye mfuko wa nailoni na tabaka zake zote mbili. Mtumeni fundi wenu mkuu aje akitazame, siku yoyote baada ya saa tisa alasiri nipo nyumbani.

Wenu,
Mteja, mmiliki wa CG125, Muheza

Nakala: Faili langu