Barua kwa mwanangu aliyeko Leeds: kiwanja siuzi, kazi tutaitafuta

Asalaam aleykum mwanangu,

Ujumbe wako wa juzi, kwamba tuuze kiwanja umlipe ajenti paundi 9,000 akupatie kazi yenye sponsa huko Uingereza, nimeusoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa kwenye daladala natoka Pongwe kuangalia hicho hicho kiwanja unachotaka tukiuze, nikashuka kituo kimoja kabla ya kwetu nikatembea kwa mguu ili nipate kufikiri. Sikukupigia kwasababu nilijua nikisikia sauti yako ntalia na we utalia alafu hatutaongea la maana. Kwaiyo naandika, tena ndefu, isome ukiwa umeshakula.

Jibu kwanza. Hapana. Kiwanja siuzi na huyo mtu usimpe hata paundi moja. Sio kwamba sikuamini, wala sio kwamba sitaki ubaki huko. Paundi 9,000 ni kama milioni 30 zetu, na hata kama zingekuwa zimekaa hapa kwenye droo nisingezitoa kwa jambo hilo, maana hicho anachokuuzia hakiuzwi. Mama yako nimekaa siku mbili na kamusi nasoma maelezo ya serikali yao. Sponsashipu, yaani mwajiri wa huko kumdhamini mgeni apate viza ya kazi, anaiomba mwajiri na analipa mwajiri. Ada ya cheti cha sponsashipu, kwa viwango vya 2025, ni paundi 525, na tangu 31 Desemba 2024 mwajiri haruhusiwi kumdai mfanyakazi gharama hiyo. Sasa mtu anayetaka 9,000 anauza nini? Ama kazi haipo, ama kampuni ipo kwenye karatasi tu. Unawajua wenyewe waliokwenda kwa kazi za kulea wazee, wamelipa mamilioni, wamefika wakakuta kazi hakuna, kampuni ikanyang'anywa leseni wakabaki na siku 60 za kutafuta mwajiri mwingine la sivyo waondoke. Na ikionekana kwenye ombi lako kuna udanganyifu wanaweza kukufungia mlango miaka 10. Saivi una 26, mwanangu.

Kuna jambo sijawahi kukwambia, na marehemu baba yako alikuwa peke yake anayelijua. Mwaka 1994 nimetoka chuoni na cheti changu cha uhasibu, nimezunguka Tanga hii mpaka soli ya kiatu ikaisha, akatokea mtu akaniambia Dar kuna shirika linataka karani wa hesabu, nafasi ni yangu nikitoa kitu. Bibi yako akavua bangili zake mbili za dhahabu, zile alizoolewa nazo, akauza. Nikapewa barua ya ajira ina muhuri na saini, nikapanda basi nikafika getini asubuhi nimevaa gauni jipya. Yule mlinzi akaipeleka barua ndani, akarudi akaniambia binti, aliyesaini hapa alishastaafu siku nyingi. Nilikaa stendi mpaka jioni naogopa kurudi nyumbani. Bibi yako hakunisema hata neno moja mpaka anakufa, na ndo maana mpaka leo nikiona bangili kwenye mkono wa mtu mzima naangalia pembeni. Ulivyoandika "mama ni mtu wa uhakika, ana muhuri wa kampuni" mwili wote ulinisisimka.

Nikarudi nikaanza kuandika daftari la mauzo kwenye duka la vitambaa Ngamiani, barabara ya nane. Mshahara ulikuwa wa sabuni na nauli. Lakini daftari langu lilikuwa linafunga kila jioni, senti kwa senti, na yule mkaguzi aliyekuja kumfungia mzee hesabu za mwaka ndo akanitaja kwenye shamba la mkonge walipokuwa wanatafuta karani. Huko nilikaa miaka 11.

Sasa tuje kwenye hesabu zako, maana nimezikalia kama za ofisini.

We una viza ya wahitimu ya miaka miwili, inaisha Desemba 2027. Tulilipia paundi 880 ya ombi na 2,070 ya huduma za afya, naikumbuka vizuri kwasababu ule mchezo wa kina mama wote uliishia hapo. Wenzako watakaoomba kuanzia 1 Januari 2027 wanapewa miezi 18 tu, kwaiyo hapo umepata bahati, shukuru. Viza hii haikudai sponsa wala haikudai mshahara wa kiasi fulani, unaruhusiwa kufanya kazi karibu yoyote. Sponsa unamhitaji mwishoni, sio leo. We umekimbilia mwisho wa safari kabla hujapanda gari, ndo maana unaona giza.

Ukitaka kuhamia ile viza ya wafanyakazi wenye ujuzi, mshahara wa kawaida wanaoutaka tangu Julai 2025 ni 41,700 kwa mwaka. Hapo hata mi nilikata tamaa nikafunga simu. Kesho yake nikarudi nikakuta kwamba anayeanza akiwa mpya kwenye fani, akiwemo anayetoka kwenye viza kama yako, kiwango chake ni 33,400 au asilimia 70 ya kiwango cha kazi yenyewe, kinachozidi ndo kinachoshika. Unafuu huo mwisho wake miaka minne na hii yako miwili inahesabiwa humo humo. Na umri wako haukuzuii maana unapita kwa mlango wa mhitimu.

Sasa linganisha. Kima cha chini chao tangu Aprili 2025 ni paundi 12.21 kwa saa, Aprili 2026 kinakuwa 12.71. Saa 37.5 kwa wiki, wiki 52, hiyo ya 12.21 inatoa kama 23,810 kwa mwaka. Karani anayeanza nje ya London atakuwa hapo au juu yake kidogo. Kwaiyo kutoka 24 elfu mpaka 33 na kitu kuna pengo, na pengo hilo halizibwi na ajenti, linazibwa na uzoefu na mitihani, na una karibu miezi 22. Inawezekana. Sikuambii ni rahisi, mwaka 2024 walivyopandisha viwango kuna kampuni kubwa za ukaguzi zilifuta ofa ambazo vijana wa kigeni walishazisaini. Ila wewe mpaka sasa umeomba wapi? Umeniambia umeomba sehemu 140, nikakuuliza zipi, ukanitajia Deloitte, PwC, EY na KPMG na mabenki. Hizo nafasi za wahitimu zinafunguliwa Septemba kwa watu wa kuanza mwaka unaofuata, saivi Februari unagombania makombo na Uingereza nzima. Omba tena Septemba, usiache. Lakini kati ya sasa na Septemba usikae.

Nlichofanya mimi ni hivi. Serikali yao inatoa orodha ya waajiri wote wenye leseni ya kusponsa, bure, unaipakua inafunguka kwenye Excel, ina jina la kampuni, mji, na aina ya viza. Nimechuja Leeds, Bradford, Wakefield na Huddersfield, nikabakisha wale wa viza ya ujuzi, alafu nikapitia jina moja moja natafuta yenye neno la uhasibu. Macho yameuma lakini nimepata ofisi 37. Nyingi ni ndogo, za watu kumi kumi, zingine wenyewe ni Waasia wana wateja wenye maduka na migahawa na teksi. Faili nimekutumia kwenye imeili. Sio kwamba wote wanaajiri, ila hao wanaujua mlango ulipo, siku ukifika muda wa kuuliza hutaanza kumfundisha bosi leseni ni nini.

Na hizo ofisi ndogo zinahitaji mikono mwaka huu. Kuanzia 6 Aprili 2026 waliojiajiri na wenye nyumba za kupangisha ambao mapato yao yanazidi paundi 50,000 wanatakiwa kutunza kumbukumbu kidijitali na kupeleka taarifa kila miezi mitatu, juu ya ile ya mara moja kwa mwaka ya 31 Januari. Wenye teksi na migahawa nani atawaandikia? Karani. Risiti kwenye bahasha zitaingizwa na mtu. Huyo mtu awe wewe. Jifunze zile programu za hesabu, Xero na QuickBooks, mafunzo yao ya cheti yapo onlaini hulipi, na Sage pia uifahamu. Usiseme una shahada ya pili huwezi kuingiza risiti. Shahada imekufikisha mlangoni, lakini mwenye ofisi anataka kujua kama daftari lako linalingana na hesabu ya benki.

Upande mwingine ni halmashauri za huko, hospitali za serikali yao (NHS), na vyuo vikuu vyenyewe. Vyote vina idara ya fedha, vina makarani wa kulipa invoisi, na vimezoea wageni. Mimi nimemalizia utumishi wangu halmashauri, nakuhakikishia hesabu za umma zinamfundisha mtu nidhamu, ukitoka pale hakuna mkaguzi atakayekutisha.

Sivii yako mwanangu. Nimeifungua. Toa picha, toa tarehe ya kuzaliwa, toa dini, toa "sijaolewa", huko havitakiwi na vinakujazia kurasa. Mbili zinatosha. Ile miezi saba ya kujitolea kwenye SACCOS hapa Tanga umeiandika mstari mmoja, wakati pale ulisuluhisha hesabu za benki zilizokuwa zimekwama tangu mwaka uliopita na ukagundua marejesho yaliyoingizwa mara mbili! Andika hivyo. Ulikuta nini, ulifanya nini, ikawa shilingi ngapi. Hapa VAT ni asilimia 18 kule 20 lakini leja ni leja, wadai ni wadai, Muingereza hatakudharau kwa kujifunzia Tanga ukimwonyesha ulichofanya. Alafu juu kabisa weka mstari kwamba unaruhusiwa kufanya kazi mpaka Desemba 2027 bila kusponsiwa, kwasababu mwenye ofisi ndogo akiona jina geni anaogopa makaratasi anaitupa pembeni. Wakikuuliza kama baadae utahitaji sponsa sema ndio, usifiche, uongo wa kwenye intavyuu utakuja kuusahau siku mbaya.

Mitihani. ACCA, ile sifa ya uhasibu ya kimataifa, ni mitihani 13, digrii inaweza kukusamehe mpaka 9, na we barua ya kusamehewa unayo tangu mwaka jana imekaa. Kwanini imekaa? Naelewa, ulikuwa na usiku wa ghala na asubuhi darasa. Lakini sasa anza na mmoja, wa Juni. Mmoja tu. Pamoja na hiyo wanataka miezi 36 ya kazi yenye msimamizi wa kukusainia, na hiyo miezi inahesabika popote, Leeds au Tanga au Muscat kwa mjomba wako. Hii ndo sababu nakusukuma huko kuliko kwa ajenti. Ukipasi, hata viza ikiisha kabla sponsa hajapatikana, umerudi na kitu mkononi na mitihani iliyobaki unaikalia Dar. Na ukirudi, mwanangu, umerudi nyumbani. Chumba chako kipo, mdogo wako anakitumia kusomea lakini atahama. Nisikusikie tena unasema "ntaonekana nimeshindwa". Uonekane na nani? Jirani? Jirani hakulipa ada yako.

Najua baridi. Najua unarudi kwenye chumba hakuna wa kukuuliza umeshindaje, na kila imeili inaanza na asante alafu samahani. Nlipokuwa naandika hapa juu kuhusu stendi ilibidi niache kidogo nikaoshe uso. Nataka ufanikiwe kuliko navyotaka kitu chochote, ila nataka ufanikiwe ukiwa na karatasi zako halali na usingizi wako.

Huyo mtu mwambie mama amekataa, tupia lawama zote kwangu, alafu mfungie namba. Kama ulishampa nakala ya pasipoti nambie leo leo, sitagomba.

Pesa ya mtihani wa Juni nimeshaipata, nimechukua kwenye kikoba, wifi yangu atakutumia kesho akifika benki. Wewe usiku huu rekebisha sivii unitumie. Mi ntakaa macho mpaka saa tano, kwako itakuwa saa mbili, utakuwa umeshatoka ghalani. Nitaisoma kwa kalamu nyekundu kama zamani. Na uniambie kwenye zile ofisi 37 zipi unaweza kuzifikia kwa basi moja, hizo ndo tunaanza nazo Jumatatu.

Mama yako