"Pick you up" na siyo "pick up you"

Mdogo wangu,

Salama huko? Mpe mama shikamoo yangu, na baba mkubwa naye akipita. Hela ya gesi nimeshatuma jana, muulize mama kama imeingia maana mpaka sasa hajanijibu. Mimi mzima, baridi tu ndo inatunyoosha, huku Leeds, Uingereza, msimu huu saa kumi jioni giza limeshaingia wakati sisi wa shifti ya mchana bado tuko kazini.

Sasa nije kwenye ile skrinshoti yako. Umemwandikia mgeni "I will pick up you at KIA and drop off you at the hotel", yaani utamfuata uwanja wa ndege wa KIA na kumshusha hotelini, bosi kakuzungushia nyekundu, unauliza mbona "pick up the guests" hajaigusa. Swali la maana hilo, wenyewe hapa ukiwauliza sababu wanakwambia haisikiki vizuri, basi, wanaendelea na chai yao.

Iko hivi. Hivi vitenzi vya vipande viwili, pick up, drop off, turn off, wake up, kama unachokitaja ni jina kabisa una uhuru wako, "pick up the guests" sawa, "pick the guests up" sawa. Ila ikishakuwa me, you, him, her, it, us, them, uhuru umekwisha, lazima kaingie katikati: pick you up, drop them off, turn it off. Na hili wewe unalijua toka utotoni ila hujalitilia maanani. Unasema nitafuata wageni, ila wageni tukishawajua unasema nitaWAfuata, ile "wa" inajichomeka ndani ya kitenzi, nani anasema nitafuata wao? Labda Nairobi hehe. Sasa "pick up them" kwenye masikio ya Mwingereza inagonga hivyo hivyo, anakuelewa, ila anajua ya kuazima hii.

Sababu yake ukiifikiria ina akili. Ukisema "it" wote mnajua mnaongelea nini, si habari tena. Habari iko kwenye off au on, kwa hiyo Mwingereza anaiacha iwe ya mwisho na anaikandamizia sauti huko huko, turn it OFF. Ile "it" au "him" inamezwa kabisa, "pick him up" ikitoka mdomoni mwao unasikia "pikimap", neno moja. Ndo maana kwenye simu wageni wanakuacha njiani, we unasubiri maneno matatu linakuja moja.

Mimi huku kwenye kulea wazee nazisikia kutwa. Asubuhi nesi wa usiku anatukabidhi huku koti keshavaa, anasema "wake him up, sit him up, and don't lay him down straight after breakfast", yaani nimwamshe mzee, nimkalishe, nisimlaze akitoka tu kula. Him tatu zote katikati. Halafu pumzi hiyo hiyo anaongeza "and check on her next door". Umeona? Her imeenda mwisho! Hapo ndo wengi wanachanganyikiwa, wameshakariri katikati wanapeleka kila kitu katikati.

Hiyo on ya check on imeshikana na mtu anayefuata, haiachani naye. Wenzake ni look after her, look for it, wait for us, run into him, deal with them. Ukiona after, at, for, with, into, usijiulize mara mbili, kiwakilishi kinakaa nyuma yake. Ukiona up, down, out, off, away, back, na kuna mtu au kitu kinafanyiwa hilo jambo, mara nyingi sana ni katikati. Wasumbufu ni on, over, in na through, hao wanacheza timu zote mbili, hao inabidi uwajue mmoja mmoja. Put it on ni kuvaa au kuwasha, count on me ni nitegemee. See him through ni kumsimamia mtu mpaka atoke kwenye shida yake, see through him ni umeshamshtukia hila zake. Na "the dog turned on me" ni mbwa kanigeukia kunishambulia, ila "turned me on" ni mambo mengine kabisa, usije ukamwandikia mgeni, na usimuulize mama.

Kama inakuuma usione uko peke yako, Samuel Johnson aliyetunga ile kamusi kubwa ya Kiingereza ya 1755 alishasema mwenyewe kwamba vitenzi vya namna hii ndo vinawapa wageni taabu kuliko vyote.

Kitu kingine, kwetu tumezoea "I'll pick you at seven" bila up. Kwetu inapita, Kenya ndo usiseme, ila mgeni wa Uingereza "pick you" kwake ni kama umemchagua yeye kati ya wengine. Weka up.

Na jina likiwa refu usilichomeke katikati. "Pick up the two ladies coming from Addis", hivyo hivyo, up ikae mapema, ukiipeleka mwisho msomaji atakuwa keshasahau pick ilikuwa ya nini.

Meseji yako iandike hivi: "I'll pick you up at KIA at seven and drop you off at the hotel. If your bags are late I'll wait for them with you." Hizo you mbili za mwanzo ziko katikati, them iko nyuma ya for. Mtumie leo, maana hao wa asubuhi wanapenda kujibiwa mapema. Na mwambie mama anipigie jumapili, siku hiyo sina shifti.

Dada yako