Tuelezwe video ya muziki inavyotengenezwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jinsi habari za video za muziki zinavyoandikwa. Kila inapotoka video mpya, kurasa za burudani hutueleza imegharimu kiasi gani, imepigwa nchi gani na magari yaliyoonekana ni ya aina gani, lakini ni nadra kuelezwa wazo lilikuwa nini na lilitekelezwaje. Mimi ni mpiga video za harusi hapa Morogoro, na upungufu huo unaniuma.

Chukua mfano wa bendi ya Marekani, OK Go, ambayo video zake nimezitazama kwa kufuata miaka zilipotoka. Ile iliyowapa jina, "Here It Goes Again" ya mwaka 2006, ina kamera moja isiyosogea, mashine nane za kukimbilia kama zile za jimu, na wanamuziki wanne wanaoruka kutoka mashine hii hadi ile, wimbo mzima, bila picha kukatwa. Miondoko ilipangwa na Trish Sie, dada wa mwimbaji Damian Kulash, na kazi yote ikafanyika nyumbani kwa Trish. Mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Grammy. Nimeirudia mara nyingi nikitazama miguu tu. Mikanda ya mashine inakwenda pande tofauti, hivyo anayekanyaga mapema kidogo anaharibu kila kitu, na kamera ile haina pa kulificha kosa lake.

Miaka kumi baadaye walitoa "Upside Down & Inside Out", waliyoipiga nchini Urusi ndani ya ndege aina ya Ilyushin Il-76. Ndege hiyo hupanda na kushuka kwa mkunjo, na waliomo huelea kwa takriban sekunde 27 tu, muda usiotosha wimbo. Walichofanya ni kupiga picha mfululizo katika mikunjo minane, wakitulia mahali pao kila ndege ilipojiandaa kupanda tena, kisha dakika hizo za kungoja zikaondolewa wakati wa kuhariri. Karibu na mwisho, maputo yaliyojazwa rangi yanapasuka, na rangi inaning'inia hewani kama matone yaliyosahau kudondoka. Mwaka huohuo, katika "The One Moment", tukio la sekunde 4.2 lilipunguzwa kasi likajaza karibu wimbo mzima.

Sisemi kwamba fedha hazina kazi, maana kurusha ndege si jambo dogo, na shirika la ndege la S7 ndilo lililowawezesha. Hata hivyo, ile ya mwaka 2006 ilibebwa na mazoezi, na ingepimwa kwa gharama pengine isingepata hata aya moja gazetini.

Kijana anayenisaidia kubeba taa alipoitazama, alichukua futi akaenda kupima ua wa nyumba yetu, na kwa Jumapili mbili sasa tunajaribu kupiga wimbo mmoja wa kwaya bila kukata. Kwa ajili ya vijana kama yeye, nawaomba waandishi wako wamtaje mwongozaji wa kila video wanayoiandika, wamuulize kamera iliwekwa wapi, shughuli ilirudiwa mara ngapi, na ni kitu gani kilichokataa kabisa hadi wakabadili mpango.

Msomaji wako,
Morogoro